Thibitisha wiki ya mtoto: ushahidi wa kesi ya malezi mzazi mmoja anapotaka kuhama

Mafaili mengi ya kesi za malezi yana kurasa nyingi zinazomsema mzazi wa upande wa pili na chache zinazomsema mtoto. Kuna picha za skrini zenye matusi, kuna maelezo ya dada na shemeji kwamba "yule hakuwa mtu wa maana tangu mwanzo", kuna risiti za vinywaji. Kisha jaji anauliza: Jumanne mtoto hulala wapi? Nani husaini fomu zake za shule? Huko anakohamia, kuna shule iliyokwisha kumpa nafasi? Nauli ya likizo atalipa nani? Faili lile zito halina jibu hata moja.

Shauri la kuhama na mtoto lina sura yake. Mara nyingi wazazi wote wawili ni wazuri, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mahakama inapima maisha mawili ya mtoto mmoja: haya anayoishi sasa, na yale atakayoishi mzazi mmoja akihama naye. Kwa hiyo kazi ya mzazi, awe anataka kuhama au anapinga, ni kuthibitisha wiki ya mtoto ilivyo leo na itakavyokuwa baadaye. Ushahidi wowote usiogusa wiki hizo mbili unapaswa kujieleza unafanya nini ndani ya faili.

Kipimo ni maslahi bora ya mtoto, na hakikutungwa na mahakama moja. Ibara ya 3 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 inayataja maslahi hayo kuwa jambo la msingi la kuzingatiwa. Ibara ya 9 inampa mtoto aliyetengana na mzazi haki ya kudumisha uhusiano na wazazi wote wawili na kukutana nao mara kwa mara, isipokuwa kufanya hivyo kukiwa kinyume na maslahi yake. Soma vizuri: haki hiyo ni ya mtoto. Mwaka 1996 mahakama ya juu ya jimbo la New York katika shauri la Tropea, na Mahakama Kuu Kabisa ya Kanada katika Gordon dhidi ya Goertz, zilifika karibu mahali pamoja: hakuna kanuni moja ngumu, kila shauri linaamuliwa kwa hali halisi ya mtoto huyo. Hali halisi maana yake ni ushahidi, hivyo mzazi asiyeuleta anamwachia mwenzake asimulie peke yake.

Kabla ya kukusanya chochote

Tafuta amri ya mahakama au makubaliano ya malezi yaliyopo, uyasome neno kwa neno. Je, kuna kifungu kinachozuia mtoto kutoka wilaya, mkoa au nchi bila idhini? Kuna muda wa taarifa? Nchi zinatofautiana sana katika hili. Kanada, kwa mfano, sheria ya talaka iliyorekebishwa na kuanza kutumika Machi 1, 2021 inamtaka anayehama atoe taarifa angalau siku 60 kabla, na mwenzake ana siku 30 za kupinga. Sheria hiyo pia inasema mzigo wa kuthibitisha uko kwa nani. Wazazi wakiwa wanagawana muda wa mtoto karibu sawa kwa sawa, anayehama ndiye wa kuonyesha kwamba kuhama kunamfaa mtoto. Mtoto akiwa anaishi kwa sehemu kubwa sana na anayehama, anayepinga ndiye wa kuonyesha kwamba hakumfai. Muulize wakili wako swali hilo hilo kwa sheria ya mahali mlipo, kwa sababu jibu linaamua ukusanye nini kwanza. Mwenye mzigo akileta ushahidi unaolingana tu na wa mwenzake, ameshindwa.

Na usihame kwanza kwa matumaini kwamba mahakama itakubali kilichokwisha fanyika. Mzazi anayemwondoa mtoto bila idhini anakuwa amempa mwenzake ushahidi mzito kuliko wote: kwamba haheshimu uhusiano wa mtoto na mzazi wa pili.

Hesabu ya usiku

Anza na kalenda ya miezi 12 iliyopita. Weka rangi mbili, moja kwa kila mzazi, na kila usiku uwe na rangi ya nyumba mtoto aliyolala. Usitegemee kumbukumbu. Jaza kwa kutumia jumbe za kupanga makabidhiano, picha za simu zenye tarehe, tiketi, na daftari la shule la kumchukua mtoto. Usiku usio na uthibitisho uache na alama ya kuuliza. Kalenda yenye alama tano za kuuliza huaminiwa kuliko ile isiyo na hata moja.

Kisha hesabu. Wikiendi moja katika kila mbili, Ijumaa na Jumamosi, ni wikiendi 26, yaani usiku 52 kwa mwaka, kama asilimia 14. Ongeza usiku wa kila Jumatano, unapata 104, kama asilimia 28. Watu hujikwaa kwenye likizo. Wanajumlisha nusu ya likizo, halafu wanahesabu tena wikiendi zilizoangukia ndani ya likizo hiyo hiyo. Mwenzako akikuta usiku 12 uliohesabiwa mara mbili, jedwali lako lote linatiliwa shaka, hata pale lilipo sahihi.

Baada ya hapo fanya hesabu ya pili, ambayo wengi hawaifanyi: ratiba mpya inarudisha usiku mingapi? Tuseme mzazi anayebaki ana usiku 104 sasa. Anayehama anapendekeza wiki 5 za likizo ndefu, yaani usiku 35, siku 10 katika kila likizo fupi mbili, yaani 20, na wikiendi moja kwa mwezi kwa miezi 9 ya masomo, yaani 18. Jumla ni 73. Pengo ni usiku 31, na pengo hilo lazima lisemwe kwa sauti na upande wowote utakaosimama. Anayehama akilitaja mwenyewe na kuonyesha atakavyolipunguza, anaonekana mkweli. Akilificha, litafichuliwa siku ya maswali.

Idadi nayo haitoshi. Usiku 35 mfululizo mara moja kwa mwaka si sawa na usiku 2 kila wiki, hasa kwa mtoto mdogo. Mtoto wa miaka 3 anamjua mzazi kwa kuogeshwa naye, kulishwa naye na kulazwa naye. Wa miaka 13 anaweza kubeba uhusiano kwa simu na likizo ndefu. Kwa hiyo karibu na kalenda weka karatasi moja ya kazi za kawaida: nani humwamsha, nani humwandaa, nani humpeleka, nani hukaa naye akiumwa usiku, nani huijua dawa yake. Kila kazi iandikiwe uthibitisho wake. Sentensi "mimi ndiye nimemlea" haina uzito bila karatasi hiyo.

Shajara na mtego wa saa

Shajara nzuri huandikwa siku ile ile. Tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo, kilichotokea, maneno yaliyosemwa, ulichofanya baadaye. Mistari minne inatosha. Ondoa vivumishi. Badala ya "alichelewa tena kwa dharau", andika: "Ijumaa. Makabidhiano yalipangwa saa 12:00 jioni, ujumbe wa Alhamisi upo. Alifika saa 1:25 usiku. Alisema gari liliharibika. Mtoto alikuwa amelala." Andika pia siku alizofika mapema, na siku alizokusaidia. Shajara ya lawama tupu husomeka kama silaha, na wakili wa upande wa pili atauliza kwa nini miezi 8 nzima haina hata siku moja njema.

Kwetu tunaosema saa kwa Kiswahili kuna mtego mkubwa. Simu inaandika 19:25, wewe unaandika saa 1:25, mfasiri asiyejali anaacha 1:25, na msomaji wa lugha nyingine anadhani mtoto alirudishwa usiku wa manane. Chagua mfumo mmoja, useme kwenye ukurasa wa kwanza wa shajara, na kila saa ifuatwe na asubuhi, alasiri, jioni au usiku. Fanya hivyo na tarehe pia: 04/05 husomwa Aprili 5 mahali pengine na Mei 4 kwingine, basi andika mwezi kwa jina. Vyeo vya ukoo navyo havifasiriki vizuri. "Alilala kwa mama mkubwa" ikifasiriwa neno kwa neno haieleweki. Andika jina lake na kwamba ni dada mkubwa wa mama wa mtoto.

Kama mahakama inatumia lugha nyingine, jumbe za Kiswahili zitahitaji mfasiri anayekubalika na mahakama hiyo, na jumbe za sauti zitahitaji kwanza kuandikwa kama zilivyosemwa, kisha kufasiriwa. Kazi hiyo huchukua muda na hulipiwa kwa wingi wa maneno. Hii ni sababu nyingine ya kuchagua jumbe 30 zenye maana badala ya 3,000.

Simu

Picha ya skrini ni ushahidi dhaifu kuliko inavyodhaniwa. Inakatwa kwa urahisi, haionyeshi kilichosemwa kabla, na juu yake huonekana jina ulilomhifadhia wewe. Ukimhifadhi mzazi mwenzako kwa jina la kejeli, jina hilo litasomwa mahakamani. Piga picha ya ukurasa wa mawasiliano wenye namba yake, kisha hamisha gumzo lote, kuanzia mwanzo wa kipindi kinachobishaniwa hadi mwisho wake. WhatsApp ina sehemu ya kuhamisha gumzo inayotoa faili la maandishi lenye tarehe na saa ya kila ujumbe. Faili hilo nalo linaweza kuhaririwa, kwa hiyo simu yenyewe ndiyo asili: usiibadilishe, usiiuze, usiifute hadi shauri liishe kabisa, rufaa ikiwemo.

Angalia mapema kama gumzo lina jumbe zinazojifuta. Mpangilio wake ni wa saa 24, siku 7 au siku 90, na ukikaa ukisubiri wakili apatikane, ushahidi unayeyuka mkononi. Ujumbe unaweza pia kuhaririwa ndani ya dakika 15 baada ya kutumwa, na huwekewa alama kwamba umehaririwa. Alama hiyo isikatwe kwenye picha yako. Picha za kawaida nazo zihifadhi kutoka kwenye simu iliyozipiga. Ikitumwa kwa WhatsApp, picha hupunguzwa ubora na kupoteza taarifa za ndani za tarehe na mahali.

Usifute jumbe zako mwenyewe, hata zile za hasira. Mwenzako anazo. Gumzo lenye matundu upande wako na kamili upande wake humaliza uaminifu wako kwa dakika moja. Ukiwa na ujumbe unaokuaibisha, mpe wakili wako kwanza, mapema, ili aamue namna ya kuueleza. Na kuanzia leo, kila unachomwandikia mzazi mwenzako kiandike ukijua jaji atakisoma: kifupi, chenye heshima, chenye swali moja na tarehe moja. "Naomba Asha aende kwa bibi yake Desemba 20 hadi 27. Nijibu kabla ya Jumapili tafadhali" ni ushahidi mzuri, hata kama jibu ni kimya. Kimya chenye tarehe kinaonekana.

Shule, kliniki na mashahidi

Kumbukumbu zinazotunzwa na watu wasio na upande ndizo zenye nguvu. Shuleni omba rejesta ya mahudhurio na uchelewaji, ripoti za mihula miwili au mitatu, fomu ya usajili inayoonyesha nani ametajwa wa kupigiwa simu, na daftari la wazazi waliohudhuria mikutano. Kwenye matibabu omba kadi ya chanjo, orodha ya mahudhurio na jina la aliyemleta mtoto. Omba kwa barua, weka nakala yako, na upate majibu yenye tarehe, sahihi na muhuri. Maneno ya mwalimu kwenye simu hayafai kitu. Omba mapema: ofisi hujibu kwa wiki, shule zikifungwa hakuna wa kujibu, na baadhi ya kumbukumbu hazitatolewa bila amri ya mahakama, ambayo nayo wakili ataiomba kwa muda wake.

Linganisha kumbukumbu hizo na kalenda yako. Ukikuta mtoto huchelewa shule zaidi siku anazotoka kwako, usijidanganye kwamba hakuna atakayeona. Badilisha utaratibu wa asubuhi sasa, ili rejesta ya muhula ujao ionyeshe mabadiliko.

Mashahidi watatu walioona kwa macho yao wanawashinda kumi walioambiwa. Jirani aliyeona makabidhiano kila Ijumaa, mwalimu wa darasa, kocha, mlezi wa mchana. Kila mmoja aeleze anamjuaje mtoto, tangu lini, alikuwa wapi, aliona nini, mara ngapi. Barua za kusifu kwamba "ni mama mwema, anamcha Mungu" hazimsaidii jaji kujua Jumanne mtoto analala wapi. Na usimwandikie shahidi maneno. Hati tatu za kiapo zenye sentensi zinazofanana hujitangaza zenyewe.

Mpango wa kuhama, pande zote mbili

Hapa ndipo kesi nyingi huamuliwa. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza katika Payne dhidi ya Payne, mwaka 2001, iliuliza maswali ambayo bado yanafaa popote: je, ombi ni la kweli au ni njia ya kumtoa mzazi mwenzake kwenye maisha ya mtoto? Mpango umechunguzwa na unatekelezeka? Anayepinga anasukumwa na kumjali mtoto, au na jambo lingine? Miaka kumi baadaye, mwaka 2011, mahakama hiyo hiyo katika K dhidi ya K ilikumbusha kwamba maswali hayo ni mwongozo tu, na kanuni yenyewe ni ustawi wa mtoto. Bado, asiye na majibu yake hajajiandaa.

Mzazi anayehama alete karatasi, si ahadi. Mkataba wa kazi uliosainiwa, wenye mshahara na saa za kazi. Mkataba wa nyumba au barua ya mwenye nyumba, yenye anwani na idadi ya vyumba. Barua ya shule yenye jina la mtoto, darasa na tarehe ya kuanza. Tovuti ya shule haithibitishi kwamba kuna nafasi. Nani atamchukua saa za shule zikiisha na kazi haijaisha. Daktari wa ugonjwa alio nao, kama upo. Hali ya kibali cha kuishi, ikiwa ni nchi nyingine, kwa mtoto na kwa mzazi. Na jambo ambalo husahaulika: kwa nini hapa hapatoshi. Onyesha kazi ulizoomba hapa na majibu uliyopata, maana swali la kwanza litakuwa kama ulijaribu.

Safari ipime mlango hadi mlango, usiipime kwa ramani. Shule ikitoka saa 9:30 alasiri Ijumaa na barabara ni saa 8, mtoto anafika saa 5:30 usiku. Jumapili lazima aondoke asubuhi. "Wikiendi" hiyo ni Jumamosi moja na saa 16 za barabarani. Weka hesabu hiyo kwenye jedwali lenye gharama: tiketi za mtoto, za msindikizaji kama umri unataka, idadi ya safari kwa mwaka, nani analipa nini, na tiketi inanunuliwa siku ngapi kabla. Mawasiliano ya video nayo yana saa. Kukiwa na tofauti ya saa 7, mtoto akirudi shule saa 10 jioni, kwa mzazi aliye mbele ni saa 5 usiku. Pendekeza siku na saa zinazowezekana kweli, si "wakati wowote", kwa sababu wakati wowote huishia kuwa hakuna wakati.

Mzazi anayepinga hana kazi ndogo. Ushahidi wake bora ni ule unaoonyesha kitakachokatika: Jumatano za mazoezi ya hesabu, kaka au dada wa baba au mama mwingine anayeishi naye, bibi anayemlea mchana, daktari aliyemfuata tangu kuzaliwa. Aonyeshe yupo kwenye rejesta, kwenye kliniki, kwenye malipo ya ada. Kama amekuwa mzazi wa wikiendi tu, asijifanye mwingine. Aeleze kwa nini, na aombe kuongezewa muda akiwa na ratiba mkononi na barua ya mwajiri kuhusu zamu zake. Pia ajibu swali gumu kwa uaminifu: je, naye anaweza kuhama? Kama hawezi, kwa nini? Na kama mwenzake ataondoka peke yake, mtoto atalelewaje hapa, siku kwa siku? Kupinga bila mpango wa pili ni nusu ya jibu.

Mpaka ukivukwa

Kama kuna hatari ya mtoto kupelekwa nchi nyingine bila idhini, ushahidi hubadilika sura. Mkataba wa Hague wa Oktoba 25, 1980 kuhusu utekaji wa watoto unahusu mtoto aliye chini ya miaka 16 aliyeondolewa au kuzuiliwa kinyume cha haki za malezi, nchi zote mbili zikiwa zinafungwa na mkataba huo kati yao. Mahakama ya nchi alikopelekwa haiamui nani alee. Inaamua arudishwe au la. Yanayotakiwa ni machache na mahususi: kwamba makazi yake ya kawaida yalikuwa hapa, yaani shule, kliniki, nyumba, kwamba ulikuwa na haki ya malezi na ulikuwa ukiitumia, kwamba hukukubali. Omba kupitia mamlaka kuu ya nchi yako, yaani ofisi ya serikali inayopokea maombi ya mkataba huo, bila kuchelewa. Ombi likifika mahakamani kabla ya mwaka mmoja kutimia tangu mtoto aondolewe au azuiliwe, kurudishwa ndiyo kanuni, isipokuwa kwa sababu finyu. Mwaka ukipita, mwenzako anaweza kudai mtoto amekwisha kuzoea mazingira mapya.

Ridhaa ndiyo inayowaangusha wengi. Ujumbe wa uchovu, "nendeni tu, mimi sitaki maneno", unaweza kusomwa kama idhini ya kuhama moja kwa moja. Ukiruhusu safari, andika: anakwenda wapi, kuanzia lini, anarudi tarehe gani, kwa tiketi ipi, na kwamba ruhusa ni ya matembezi tu. Asiporudi tarehe hiyo, andika pingamizi siku ile ile. Kukaa kimya kwa miezi kunaweza kuhesabiwa kuwa umeridhia.

Mtoto si chombo cha ushahidi

Ibara ya 12 ya Mkataba wa Haki za Mtoto inampa mtoto mwenye uwezo wa kuunda maoni haki ya kusikilizwa, na maoni yake kupewa uzito kulingana na umri na ukomavu. Anasikilizwa na jaji, ofisa ustawi wa jamii au mtaalamu aliyeteuliwa. Hasikilizwi kwa video uliyomrekodi sebuleni ukimuuliza "unataka kukaa na nani?" Video hiyo huthibitisha kwamba umemweka mtoto katikati. Wataalamu husikia maneno ya watu wazima yakitoka kwenye kinywa cha mtoto wa miaka 6, na wanajua yalikotoka. Zaidi ya kesi, swali hilo linamuumiza. Usimuulize.

Mtoto akikuambia mwenyewe jambo la kutisha, amepigwa au ameguswa vibaya, mambo ni tofauti. Sikiliza, usiulize maswali ya kumwelekeza, usimrudishe kwenye simulizi mara ya pili. Andika maneno yake kama alivyoyasema, saa, na alikuwa akifanya nini alipoyasema. Siku hiyo hiyo mpeleke hospitali, toa taarifa polisi au ustawi wa jamii, umpigie wakili. Kuhoji ni kazi ya waliofundishwa. Maswali yako ya kurudiarudia, hata ya upendo, yanaweza kuharibu ushahidi wa kweli.

Na kama wewe ndiye unayeishi na mtu wa kukupiga, usihifadhi chochote kwenye simu au akaunti ambayo anajua nywila yake. Fungua barua pepe mpya kwenye kifaa kisicho chake, tuma nakala kwa mtu unayemwamini, na uliza mahakama kuhusu kuficha anwani mpya kwenye nyaraka kabla hujaziwasilisha. Usalama hutangulia faili.

Kuna vitu vya kutogusa kabisa. Kuingia kwenye barua pepe ya mwenzako, kumwekea programu ya kumfuatilia, kuficha kifaa cha kurekodi kwenye begi la mtoto: nchi nyingi hivi ni makosa ya jinai, na ushahidi wenyewe unaweza kukataliwa. Kurekodi simu unayozungumza wewe kunaruhusiwa kwa baadhi ya sheria kwa ridhaa ya upande mmoja, kwingine hadi wote wakubali. Muulize wakili kabla, si baada.

Kulipanga faili

Taja kila faili la kompyuta kwa mwaka, mwezi na siku, kisha kitu chenyewe, ili yajipange yenyewe kwa tarehe. Nakala mbili, mahali pawili tofauti. Kisha andika mfululizo wa matukio usiozidi kurasa 2 au 3: tarehe, tukio, namba ya ukurasa wa kielelezo. Wengi wa wanaoamua husoma karatasi hiyo kwanza. Ifuate kwa jedwali la masuala: usiku na ratiba, shule, afya, makazi, safari, gharama. Chini ya kila suala weka vielelezo vitatu vyenye nguvu, hata kama unavyo thelathini. Kila ukurasa uwe na namba, mfululizo mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kila kielelezo kitajwe ndani ya hati ya kiapo. Kielelezo kisichotajwa popote hakuna atakayekifungua.

Mpe mtu asiyeijua kesi faili hilo kwa nusu saa. Muulize mtoto analala wapi Jumanne sasa, na atalala wapi baada ya kuhama. Akishindwa kujibu, rudi kwenye kalenda.

Hati zikishawasilishwa, shajara haikomi. Kati ya kuwasilisha na kusikilizwa hupita miezi, na jaji atataka kujua kilichotokea humo ndani: kama makabidhiano yalifanyika, kama ofa ya kazi bado ipo, kama shule bado imeshika nafasi. Wiki mbili kabla ya tarehe, omba barua mpya ya mwajiri na ya shule, ongeza kalenda hadi siku hiyo, na umpe wakili ukurasa mmoja wa mabadiliko akiwa bado na muda wa kuwasilisha.